Chini ya Mzigo Wake

Mawingu alishika chuma cha ngazi, akakiachia, akafuta viganja kwenye suruali, akakishika tena. Asubuhi ilikuwa ya baridi na chuma kilikuwa na umande, lakini yeye alikuwa anatoka jasho kama mtu aliyesimama juu ya jiko. Juu kabisa, kule ambako ukitazama shingo inauma, kibanda chake cha vioo kilikuwa kinamngoja. Kwa miaka alikuwa akiipanda ngazi ile ya kreni huku anatafuna karanga. Leo karanga zilibaki mfukoni.

"Leo utaua mtu," alijiambia, midomo ikicheza taratibu. "Mara ile ulimkosakosa, leo humkosi. Hovyo wewe. Nani alikudanganya kwamba kazi hii unaiweza?"

Sasa wewe unayesoma usije ukadhani maneno hayo aliyaokota juzi. Mawingu alikuwa binti mwenye kauli nzuri kwa kila mtu pale kwenye ujenzi. Mafundi walimpenda, wapishi walimwekea chakula, na jina lenyewe la Mawingu alipewa na wabeba matofali kwa sababu kutwa alishinda huko juu. Lakini akibaki peke yake na nafsi yake, bwana wee, ulimi uligeuka wembe. Kaka yake mkubwa ndiye aliyemfundisha kuendesha gari, akimfokea kila kona, na kaka alipochoka kufoka, Mawingu aliirithi kazi ile akaendelea nayo mwenyewe. Aliamini kabisa kwamba matusi ndiyo yanayomfanya awe makini.

Halafu ikaja siku ile, miezi miwili iliyopita. Upepo ulitokea ghafla, bunda la nondo likaanza kuyumba hewani. Kila mwendesha kreni anajua kwamba mzigo ukiyumba unaufuata ulikokwenda, mpaka mkono wa kreni uwe juu yake, nao unatulia. Mawingu alilijua hilo hata usingizini. Lakini kichwani sauti ilikuwa inamwambia unaangusha, unaangusha, mjinga wee unaangusha, na mkono wake ukauvuta mzigo kuja kwake. Bunda likapata nguvu kama bembea iliyosukumwa, likampiga begani mpiga ishara wake, yule anayemwongoza kutoka chini. Mfupa ukavunjika.

Na mpiga ishara huyo hakuwa mtu baki. Alikuwa Filimbi, mchumba wake.

Kulikuwa na jambo moja lililomtafuna zaidi ya yote. Mawingu alikumbuka kwamba kabla bunda halijafika alipiga kelele kwenye redio: "Filimbi, toka hapo, upepo." Alikumbuka kama jana. Lakini msimamizi alipouliza, Filimbi alijibu kutoka kitandani kwamba hakusikia onyo lolote, na Mawingu akaamua kwamba kumbukumbu yake ndiyo inayodanganya. Mama yake Filimbi, mwalimu wa watoto wadogo aliyezoea kunyamazisha darasa zima kwa jicho moja, alimkuta kwenye korido ya hospitali akamwambia mbele ya wauguzi na wagonjwa: "Muuaji wewe. Mwanangu hutamgusa tena, wala hatasimama tena chini ya mikono yako." Na Mawingu mwenyewe alikuwa anajiita hivyo hivyo tangu ajali ilipotokea.

Leo msimamizi alikuwa amempa nafasi ya mwisho. Apandishe bunda moja mpaka ghorofa ya juu na kulitua salama. Akishindwa, au asipopanda kabisa, kuna mwanamume kutoka kampuni nyingine anakuja kukikalia kiti chake.

"Naona leo unaiamkia ngazi," sauti ilisema nyuma yake. "Imeitikia?"

Moyo ukampiga paa. Hakuhitaji kugeuka. Sauti ile aliijua kwenye redio, kwenye simu, kwenye ndoto. Aligeuka hata hivyo, na huyo hapo Filimbi, ndani ya shati la bluu, kofia ngumu kichwani na redio mkononi. Bega la kushoto lilikuwa limeshuka kidogo. Amekonda, Mawingu aliwaza, na machozi yakamlengalenga.

"Umefuata nini hapa?"

"Kazi."

"Niliambiwa analetwa mpiga ishara mwingine."

"Nilimwambia msimamizi kwamba ukipanda wewe, chini nasimama mimi."

"Mama yako anajua?"

Filimbi alitazama viatu vyake. "Mama anajua nimekwenda kunyooshwa bega."

"Umemdanganya."

"Nimempunguzia presha."

Siku nyingine Mawingu angecheka. Leo alimtazama yule kijana, macho yale mapole, shingo ile, bega lile, akamwona amelala tena kwenye vumbi.

"Sipandi," alisema.

"Mawingu."

"Nimesema sipandi. Nakwenda kumwambia msimamizi amlete huyo mwanamume wake. Na sisi wawili pia tuishie hapa. Mama yako amesema kweli. Mwanamke gani anavunja mume kabla hata hajaolewa?"

"Nimekulalamikia mimi?"

"Hujalalamika, ndiyo maana nasema mimi. Filimbi, nikifumba macho nakuona uko chini. Nikiyafumbua bado nakuona. Unataka nipande, wewe usimame hapo, halafu nikuue kabisa?"

"Nataka upande kwa sababu hakuna anayeijua kazi hii kama wewe."

"Acha kunibembeleza. Nilikuvunja. Sikukuonya, nikakuvunja."

Filimbi akavua kofia, akaivaa tena. Mawingu alimfahamu mtu wake; alijua hivi anavyofanya ana jambo limemkaa kooni. Hofu mpya ikamtambaa mgongoni.

"Nini?" aliuliza.

"Kitufe cha redio yako ya zamani, ile ya kuongea na mimi tu, kilikuwa kinanasa," Filimbi alisema. "Ukimaliza kuongea na mimi ukakiachia, wakati mwingine kilibaki kimebonyea. Wewe ulikuwa hunisikii, lakini mimi nakusikia. Ndiyo maana nilikuwa nabaki kukupigia ishara za mikono."

"Unanisikia nikisema nini?"

"Yote. Unapojiongelesha."

Mawingu alihisi uso unawaka. Yote. Alikumbuka alivyokuwa akipiga soga peke yake kule juu, mlango umefungwa, akiamini anasikiwa na vioo tu.

"Tangu lini?"

"Tangu kabla sijakutongoza." Filimbi alitabasamu kwa aibu. "Siku moja ulisema, leo kavaa lile shati la bluu, Mungu nisaidie nisitue mzigo kwenye choo cha mafundi. Nilikwenda nikanunua mashati mengine ya bluu. Unafikiri nilipata wapi ujasiri wa kukufuata? Nilikuwa nimeshapewa jibu."

"Na hukuniambia."

"Ningekuambia ungenyamaza. Na mimi nilikuwa napenda kukusikia." Tabasamu likamwisha. "Mpaka unapofika kwenye hayo mengine. Mjinga wewe, huna akili wewe, hovyo wewe. Kutwa nzima, Mawingu. Ukitua mzigo vizuri unajitukana, ukichelewa kidogo unajitukana. Nilikuwa nashindwa kula. Mtu mwingine angekutukana hivyo ningemkunja. Sasa nitamkunja nani?"

"Filimbi, unanipeleka wapi?"

"Siku ile pia kilikuwa kimenasa," alisema, na sauti yake ikawa ndogo. "Ulikuwa unajisema tangu asubuhi. Nikaona siwezi tena. Nikapunguza sauti ya redio mpaka ikabaki kama redio ya nyumba ya jirani. Nikakusikia unapiga kelele kwa mbali. Nikasema moyoni, ni yale yale tu. Sikuongeza sauti."

Lori la kokoto liliingia getini, likamwaga, likatoka, na wao wawili bado wamesimama wanatazamana.

"Kwa hiyo nilisema," Mawingu alinong'ona.

"Ulisema."

"Nilikuonya."

"Ulinionya."

"Miezi miwili." Hakupaza sauti, na hilo lilimtisha Filimbi kuliko kelele. "Miezi miwili najiita muuaji. Nimeanza kudhani nimerukwa na akili kwa sababu nakumbuka jambo ambalo wewe unasema halikuwepo. Unanipigia simu kila asubuhi, unaniuliza umelala vipi mpenzi, na jibu unalo wewe."

"Niliogopa. Niliogopa kufukuzwa, nikaogopa nisikuone tena. Halafu Mama akaanza kukulaumu wewe, na kila siku iliyopita kusema kukawa kugumu kuliko jana yake."

"Ukamwacha mama yako anichome."

"Ndiyo."

"Mbele ya watu."

"Ndiyo, Mawingu. Ndiyo."

Alitamani kumpiga kofi. Alitamani pia kuweka paji la uso kwenye bega lile bovu alie mpaka aishiwe. Mapenzi yana ujinga wake, jamani. Mtu anakuchinja, na moyo bado unataka kujua kama amekula. Badala ya vyote viwili aligeuka, akashika ngazi, akaanza kupanda.

Hasira ilimfikisha katikati. Hapo hofu ikamkuta. Upepo uliokuwa haupo chini ukaanza kumpapasa masikioni. Akakumbatia chuma. Rudi, sauti ilimwambia. Rudi kabla hujaaibika. Alipanda kwa sababu kushuka kulimtaka atazame chini.

Kiti kilikuwa kile kile, na redio ilikuwa mpya. Aliketi, akashika vishikio, na mikono ilikuwa inatetemeka kiasi kwamba pete ya uchumba iligongagonga chuma.

"Hovyo wewe," alianza kwa mazoea. "Umefika hapa kwa nguvu za hasira tu, sasa..."

Akakoma. Kwa mara ya kwanza aliyasikia maneno yale kwa sikio la mtu aliyesimama chini. Aliyasikia jinsi yalivyo, mfululizo, bila kituo, yakifunika kila kitu. Loo. Hata yeye angepunguza sauti.

"Mawingu, uko tayari?" Ilikuwa sauti ya msimamizi.

Alibonyeza kitufe. "Niko tayari."

Bunda liliinuka. Lilipita ghorofa ya kwanza, ya pili, mafundi wameacha kazi wanatazama. Filimbi alikuwa pembeni, mbali na njia ya mzigo, mkono mzima ukiongoza: juu, juu, polepole. Mawingu hakupumua vizuri, lakini mkono wa kulia ulikuwa unakumbuka kazi yake. Kidogo tu, alikuwa anajiambia, kidogo tu. Hata hilo lilikuwa jipya. Hakujua alilitoa wapi.

Ndipo vumbi lilipoinuka upande wa getini. Aliliona kabla halijafika: upepo. Na ndani ya vumbi hilo aliona kitu kingine kilichomgandisha damu. Mwanamke mwenye kitambaa cha zambarau kichwani alikuwa anakimbia kuingia, hana kofia, msimamizi anamfuata nyuma akipunga mikono. Mama yake Filimbi. Kumbe alikwenda kwa wanaonyoosha mabega, akamkosa mwanawe, akajua aliko.

"Mtoeni mama huyo," Mawingu alisema kwenye redio. "Mtoeni hapo."

Upepo ulilipiga bunda. Likaanza kuyumba, kwenda, kurudi. Mama alikata njia ya mkato kumfuata mwanawe, akapita moja kwa moja chini ya mzigo, na hapo ndipo alipotazama juu. Alipoziona zile nondo zinacheza juu yake, miguu ilimwisha. Akakaa chini pale pale kwenye kokoto. Filimbi akamkimbilia, akamshika kwapani, na bega likamkatalia. Wakawa wawili chini ya mzigo.

Umewaua wote, sauti ilisema. Mama na mwana. Vuta. Vuta haraka.

Mkono ulishaanza kuvuta. Mawingu alikiona kishikio kinasogea, akajisikia anapiga kelele ndani ya kibanda: "Acha. Acha kwanza, mwenzangu. Unaogopa, sawa, ogopa. Mkono uache ufanye kazi." Machozi yalikuwa yanamwagika, kamasi pia, na hakuwa na mkono wa kufutia. "Usiuvute. Ufuate. Unakwenda wapi? Unakwenda mbele. Twende nao."

Akapeleka mzigo mbele, ulikokuwa unakwenda. Kwa mkono wa kushoto akabonyeza redio.

"Mama, ni mimi. Usitazame juu. Mtazame mwanao usoni. Usisimame kwanza."

"Muuaji huyu," sauti ya mama ilimfikia ikitetemeka, kupitia redio aliyoibonyeza Filimbi. "Alikuvunja, leo amekuja kumalizia."

"Mama, nisikilize." Filimbi alikuwa anahema. "Alinionya. Siku ile alinionya, nikawa nimepunguza redio. Yeye alisema, mimi sikutaka kusikia. Kosa ni langu, na nimekuficha."

Mawingu aliyasikia maneno yale aliyoyalilia miezi miwili, na hakuwa na nafasi ya kuyafurahia hata kidogo. Bunda lilikuwa linarudi. "Linarudi," alijiambia. "Rudi nalo. Polepole. Ndiyo. Hivyo hivyo. Bado kidogo." Likaenda tena, fupi zaidi. Akalifuata. Likarudi, fupi zaidi. Alikuwa anaongea muda wote, mara na nafsi yake, mara na mama kule chini, na katikati ya woga ule aliona jambo la ajabu: maneno yalikuwa yale yale. Usiogope kuogopa. Nipo. Tulia. Kwa nini hakuwahi kujiambia hivi hata siku moja?

Bunda likasimama wima.

"Filimbi," alisema, "mnyanyue Mama kwa mkono mzima. Mpite upande wa mchanga. Msikimbie."

Aliwatazama wakitoka, vichwa viwili vidogo, kimoja cha zambarau, mpaka walipofika kwenye mchanga na msimamizi akawapokea. Hapo tu ndipo alipolisogeza bunda, akalipandisha mpaka ghorofa ya juu, akalitua taratibu mbele ya mafundi wa nondo. Mmoja wao aliligusa kwa kiganja kuhakikisha, kisha akainua dole gumba.

Hakuna aliyeshangilia. Mawingu aliegemea kiti, akalia kwa sauti, mwili wote ukitikisika. Hofu haikuwa imeondoka. Ilikuwa imejaa kibanda kizima, imekaa naye kiti kimoja.

Redio ikakoroma.

"Hiki kidude kinabonyezwa wapi?" ilikuwa sauti ya mama.

"Hapo, Mama. Shikilia hapo hapo."

"Binti."

Mawingu alifuta uso kwa mkono wa shati. "Abee, mama."

"Nilikuita muuaji mbele za watu. Na huyu niliyemzaa alijua, akakaa kimya. Yeye nitaongea naye nyumbani, asidhani yamekwisha." Kisha ile sauti ya darasani ikamwishia. "Miguu yangu bado haina nguvu. Ya kwako je?"

"Hata mimi, mama. Natetemeka tu."

"Basi shuka. Shuka taratibu, ngazi uishike vizuri. Inatosha kwa leo, mwanangu."

Mwanangu. Neno hilo lilimwingia Mawingu mpaka mahali ambapo alikuwa hajui kama pana njaa. Alitamani kushuka. Alitamani kufika chini, akae kwenye mchanga kati ya watu wale wawili, asiguse chuma tena maisha yake yote. Alitazama mikono. Ilikuwa inatetemeka vile vile. Akaipeleka kwenye vishikio hivyo hivyo ikitetemeka, na ikavishika.

"Bado, mama," alisema. "Kuna mabunda mengine yanasubiri. Filimbi, mpeleke Mama akakae kivulini, umpe maji, kisha urudi kwenye nafasi yako. Ugomvi wetu mimi na wewe tutaumaliza jioni. Na redio uiweke sauti ya juu kabisa."